Hodi ya Wete

Rukia kanipigia, simu toka Uswidini,
Samaki kakaangia, juu kwao roshanini,
Moshi ukamfikia, jirani wa ubavuni,
Barua ikaingia, ya faini, mlangoni.

Huku Wete nakaanga, mpaka saa za daku,
Jirani huja na kunga, na sahani, na udaku,
Ila ukuta kujenga, wa choo cha nyuma huku,
Kwa sheha nimejipanga, mwezi sasa, kila siku.

Kaniuliza kwa chini: “Kura ulitia wapi?”
Nikajibu: “Sandukuni, kwani kwengine ni kupi?”
Muhuri uko mezani, mkono wake mfupi,
Tusi langu ulimini, nalimumunya kipipi.

Rukia kacheka sana: “Mie, serikali nzima
Naitukana mchana, usiku ninakoroma,
Ila samaki wa jana, kuwapasha ni lawama,
Na hodi huku hapana, tangu siku nilohama.”

Papo ikapigwa hodi, mlangoni kwangu mie.
Ni sheha, kwa makusudi? Ama Mize na bintiye?
Rukia: “Nipe zawadi, usijibu, nisikie
Ya pili na tatu hodi, kisha ukafungulie.”