Chupa ya Nne

Chuoni mkufunzi alichora ubaoni mlango wa mto:
huku maji baridi, huko bahari, katikati mikoko.
Nikanyoosha kidole. Nikasema, na kwetu Bahi upo.
Darasa zima likaangua kicheko. Bahari ya Wagogo!
Nami nikacheka nao, nikakaa.

Lakini Bubu ni mto, na kila mto una unapofika.
Huu wetu hushuka toka Kondoa na udongo mwekundu mgongoni,
hupita chini ya reli, hupita kando ya majaruba ya mpunga,
kisha huishiwa na nchi ya kuteremkia.
Hapo hulala.
Na jua, mgeni asiyeaga, hula minofu ya maji
akaacha mifupa sahanini, myeupe.

Ni Juni. Nina chupa tano, kalamu ya wino usiofutika,
kipimo cha waya kilichoachwa na mradi uliokwisha,
na kisahani cheupe cha kuzamisha hadi kisionekane.
Kimepotea kwenye sentimita kumi na moja.
Mwaka jana nilikiona hadi thelathini.

Mama Lechipya yuko palepale, anakwangua ukoko wa chumvi
kwa kigae cha chungu.
"Kidude chako kinasemaje?"
"Subiri kwanza."
Hasubiri. Anachovya kidole, anaonja.
"Hii ya kuungia mlenda tu. Ya kule kwenye matete,
ile ndiyo ya kukaushia kambare."
Kipimo kikahangaika, kikatulia.
Namba ya matete ni mara sita ya hii.
Ulimi wake hauli betri.

Chupa ya kwanza, darajani. Ya pili, kwenye ndago.
Ya tatu, walipolala korongo na kuacha manyoya.
Ya nne ni pale mfereji unapotapika,
maana wiki hii majaruba yanafunguliwa ili mpunga ukauke.
Akaonja, akatema.
Akaonja tena, akatema mbali zaidi.
"Si chumvi hii," akasema. "Hii ina shamba ndani yake."

Kipimo changu hakina kitufe cha shamba.
Maji yalikuwa kijani, kijani cha kupendeza,
ungedhani nchi imebarikiwa.
Na ndani yake kambare wakihema midomo juu,
kambare, anayevumilia tope kiangazi kizima,
kambare akiomba hewa kama mtu wa mjini kwenye ngazi.

Mfereji una namba, imepakwa rangi kwenye saruji: saba B.
Saba B ni wa kaka yangu Ndahani.
Nilijua kabla sijafika. Nilijua tangu Machi,
nilipombebea yuria kwa pikipiki, mifuko miwili,
akasema, mwaga yote, tusije tukachekwa.
Mpunga wa saba B ndio ulionisomesha.
Yule mkufunzi, chaki yake, mikoko yake,
tulimlipa kwa magunia kumi na manne.

Fomu ina safu: Namba. Saa. Joto. Rangi. Chanzo.
Nimeandika saa. Nimeandika joto, ishirini na sita.
Rangi nimeandika mara mbili, kwa makosa.
Treni ya mizigo inapiga honi, inaelekea Dar,
kwenye ule mlango mwingine, wa ubaoni,
ambako mto ukikosea, bahari humeza na kunyamaza.

Wetu hauna pa kutemea.
Yote tuliyoutia yamo humu humu,
yanapungukiwa maji, yanakolea.

Mama Lechipya hajui kusoma. Anatazama mkono wangu.
"Mbona umesimama?"
Kisha anarudi kwenye ukoko wake, kr, kr, kr,
na mimi naandika: saba.
Wino unakauka upesi kwenye jua hili.
Naandika B.