Fungu la Kumi na Sita

Ndahani kanunua ndege. Si nzima:
fungu moja kati ya kumi na sita,
saa hamsini za angani kwa mwaka,
na ada kila mwezi, iruke isiruke.

Mama, ajuaye fungu la kumi la kanisani tu,
aliizunguka kama dume la mnada wa Msalato,
akapapasa tairi:
"Lako ni lipi? Paja au nundu?
Ng'ombe wa ubia akifa, twagawana nyama.
Huyu?"

Ndahani akafungua mkataba.
Rubani akafunga mlango;
zamu ilikuwa ya mwenzake,
mtu wa Geita asiyemjua hata kwa sura.

Tulirudi Kizota kwa bajaji, wekundu kwa vumbi la ndege ile.
Mama alikataa kujipangusa.
"Hili," alisema, "tumepewa zima."