Salio: Sifuri

Swali la arobaini na moja
liliuliza shamba letu lina thamani gani.
Baba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.
"Mwulize anayeuliza," alisema,
"kama anataka kununua."

Ilikuwa Januari, magharibi mwa Wisconsin,
theluji imefika kwenye kitasa cha mlango wa nyuma.
Ng'ombe hamsini na wanane walikuwa wamekwisha kukamuliwa,
na baba alinukia maziwa na dawa ya viwele
mbele ya kompyuta niliyoiazima maktaba ya mji.

Niliandika ardhi.
Niliandika ghala, na lile trekta
ambalo ni la benki kuanzia magurudumu hadi usukani.
Fomu haikuwa na kisanduku cha kueleza
kwamba shamba halimegwi kipande likalipia muhula,
kwamba ukiuza ng'ombe umeuza mshahara wako.
Wasemao ng'ombe wa maskini hazai
hawajaliona zizi letu:
huzaa kila mwaka,
na ndama dume mnadani
hapati bei ya viatu vyangu.

Kompyuta ikawaza kidogo,
ikatutangaza kuwa watu wenye uwezo.
Mama alicheka hadi akatafuta kiti.

Barua ilikuja Aprili, bahasha nene.
Hongera, Solveig. Huu ndio msaada wako:
ruzuku ya serikali, elfu mbili mia moja hamsini;
ruzuku ya chuo, elfu sita;
kazi ya chuo, elfu mbili mia nne;
mkopo wa mwanafunzi, elfu tano mia tano,
nusu yake riba imelala hadi nihitimu,
nusu riba iko macho tangu siku ya kwanza;
mkopo wa mzazi, elfu kumi na tano mia tatu hamsini.
Salio: sifuri.

"Rudia hapo penye mkopo," baba alisema,
buti moja mguuni, nyingine mkononi.
"Anayenikopesha ananisaidia?
Basi benki imenisaidia maisha yangu yote."
Akachukua penseli ya seremala.
Mkopo wangu akaupiga mstari.
Wa mzazi, mistari miwili, karatasi ikachanika.
Kazi akaizungushia duara: "Hii ni kazi."
Kukopa harusi, kulipa matanga;
hawa walikuwa wametuma mialiko yote miwili
kwa stempu moja.
Zawadi iliyobaki: elfu nane mia moja hamsini.
Ada, chumba na chakula: elfu thelathini na moja mia nne.
Kila mwaka. Kwa miaka minne.

Nilipiga simu.
Ofisini akapokea Bi. Mai Nhia Xiong, sauti kavu.
"Usinililie, kamati haisikii simu. Andika.
Bei ya maziwa mwaka juzi, bei ya sasa.
Risiti. Picha, kama zipo."
Zilikuwepo: paa la ghala
lililoanguka kwa uzito wa theluji usiku wa Februari.
Tulituma kurasa kumi na moja.
Kabla hajakata simu nilimwuliza, bila kufikiri,
kama yeye naye alikopa.
"Nilimaliza kulipa Machi," alisema.
"Nina miaka arobaini na mitatu."

Juni waliongeza elfu tatu mia mbili.
Baba aliuza mitamba sita.
Hakuniambia; nilihesabu vichwa.
Kilichopungua bado
alikitia sahihi jikoni, amesimama,
kama mtu anayesaini kupokea mzigo.

Sasa ni Oktoba, naosha sahani bwaloni,
saa kumi na mbili kwa wiki,
zile nilizozungushiwa duara.
Glasi hunijia kwenye mkanda, nyingi nusu,
nami namimina maziwa kwenye sinki.
Najua galoni ni paundi nane na kitu.
Najua paundi mia moja zinamletea nani nini.
Mikono imeacha kuuliza, inamimina.

Jumapili baba hupiga simu baada ya kukamua.
Haulizi masomo, anaogopa kuyagusa.
"Huko," anasema, "maziwa wanakunywa?"

Wanakunywa, baba.