Nusu

Mshale ulisimama kwenye nusu
tangu mwaka Jagna alipoanza shule,
na sasa Jagna huazima viatu vyangu.
Tulizoea. Tulipima dizeli kwa ufito
ambao Leszek aliutia alama kwa kisu kabla hajaondoka:
alama tatu, shamba; mbili, dukani na kurudi;
moja, usithubutu.
Siku ile niliusahau ufito mlangoni.

Trekta ilikohoa mara mbili, ikazimika
katikati ya majani tuliyoyakata juzi,
na kutoka mashariki wingu lilikuja
limekunja mikono ya shati.
Mshale: nusu.
Njia ya mwongo ni fupi, watu husema;
ya huyu ilifika hadi hapo,
hatua mia tatu kutoka Mto Narew,
korongo wawili wakinitazama kama mashahidi.

Wincenty, shemeji yangu, alikuja na dumu na maneno.
Akaizaba dashibodi kofi. "Hawa huamka hivi."
Haukuamka.
Majani yalinyeshewa yote.

Jioni, bandani, nikampa ashike taa.
Fyuzi: nzima.
Nikafungua swichi, injini kimya,
nikachomoa waya juu ya tangi,
ule uliokuwa kijani kabla ya majua yote haya.
Mshale ukaanguka hadi sifuri.
Nikaugusisha waya kwenye bodi, chuma kwa chuma:
ukaruka hadi mwisho,
kama mtoto aliyesikia akiitwa jina.
Basi geji haina kosa.
Husema inachoambiwa.
Anayeiambia yuko chini, gizani.

Skrubu tano. Ya tano ilichukua ngozi ya kidole changu.
Nikatoa mkono wake mwembamba wa waya,
umegandishwa na kutu, umeinuka nusu,
kama mtu aliyetaka kuuliza jambo kanisani
akaghairi.
Msasa, mafuta kidogo, matusi kidogo; ukalegea.
Nikarudisha, nikakaza, tukamimina dumu zima.
Mshale: sifuri.
Wincenty akacheka. Nikamnyang'anya taa.

Mara ya pili nililitazama boya lenyewe,
la shaba, dogo kama yai la bata.
Nikalitikisa sikioni.
Chwa, chwa.
Lilikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele.
Miaka yote lilikuwa likinywa, tone kwa tone,
hadi likajaa kile kile
lililopaswa kuelea juu yake.

Boya jipya litatoka Białystok, wiki mbili, labda tatu,
na majani hayajui wiki.
Kabatini kulikuwa na chupa ya mvinyo wa cheri
aliyosema Leszek tuifungue siku atakayorudi.
Kizibo chake kilikuwa kizito, kikavu, kizuri.
Nilikipaka vanishi tabaka nne, nikakitoboa, nikakifunga mahali pa boya.
Mvinyo tuliunywa mimi na Wincenty, tumesimama,
kwa vikombe vya chai.
Ulikuwa umechacha kidogo. Hatukusema.

Asubuhi mshale ulipanda taratibu,
ukatetemeka, ukatulia chini ya robo.
Ndiyo kwanza kunambia kweli, na kweli yenyewe hii:
fedha za dizeli hazifiki mwisho wa mwezi.
Ufito nimeuacha pale pale mlangoni.

Leszek hupiga simu Jumapili kutoka Stavanger,
anakojenga nyumba za watu wengine.
"Uko vipi?"
"Nusu kwa nusu," akasema,
jibu lake la kila wiki tangu Machi ya mwaka juzi.
Nilitaka kucheka, kisha sikutaka.
Niliibana simu sikioni
nikanyamaza kupita desturi yetu,
nikamsikia akipumua,
nyuma yake mvua, au winchi,
na chini ya pumzi, ndani kabisa,
chwa.

"Cheri zimeiva," nikamwambia.
"Ile chupa tumeimaliza."