Nafsi ya Kwanza

Kanuni ya kazi yangu ni fupi:
usiongeze, usipunguze,
na useme kwa nafsi ya kwanza.
Mtu akisema naumwa, usiseme "anaumwa."
Sema: naumwa.

Ndiyo maana Jumanne ile, Carbondale, Illinois,
mimi mwenye miaka hamsini na tisa,
niliyesahau hata tarehe za damu,
nilimtazama Daktari Halvorsen machoni nikasema:
Nina mimba ya wiki tisa. Nimeamua.

Jina lake silitaji, niliapa.
Alitoka Bowling Green, Kentucky,
zamu ya usiku, kiwanda cha kuku,
gari la kuazima, kioo cha nyuma ni karatasi ya nailoni
iliyopiga kelele njia nzima.
Alfajiri akavuka mto Ohio,
kwa kuwa ng'ambo ile tumbo lake lina wenyewe,
nao hukutana Frankfort, wamevaa tai.
Ng'ambo hii ni lake.
Mwili ule ule. Maji tu ndiyo yaliyohama upande.

Getini alisimama mzee wa kofia ya sufi,
bango mkono mmoja, kahawa mkono wa pili.
Akapaza sauti.
"Anasema nini?" mama akaniuliza.
Na kanuni ni kanuni.
Nikamgeukia, kwa Kiswahili changu cha Kigoma:
Usimuue mwanao. Nitakusaidia.
Yalitoka kinywani mwangu mimi, maneno yale.
Akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni.
"Mwambie niko na batoto batatu.
Wa mwisho iko na kifua.
Umuulize atakuja saa ngapi kumubeba, nikiwa kazini."
Nikamuuliza, neno kwa neno.
Mzee akaitazama kahawa yake.
Simcheki; huenda huzuni yake ni ya kweli.
Ila hapakuwa na kitu cha kutafsiri.

Lugha yetu haikuachii uamuzi uelee hewani.
Kitenzi hakisimami mpaka umtaje mtenda:
ni-meamua,
wa-meamua.
Silabi moja kwa moja, basi,
na katikati yake pana mto, askari, faini, na saa tatu za barabara.

Mwaka themanini na moja, kidato cha pili,
niliketi dawati moja na Nyamizi.
Sheria ilikuwepo, kali, imepigwa mhuri.
Haikumzuia. Ilimficha:
chumba cha uani, kibatari,
mwanamke asiyenawa mikono.
Shangazi zake walisema malaria.
Katekista alisema malaria.
Mwalimu alipofika kwenye jina lake katika orodha ya mahudhurio
alikohoa, akaruka.
Nilikuwa na hesabu zake za aljebra, ameninakilia.
Hakuna aliyewahi kusema naumwa kwa niaba yake.

Msiniulize mimi ningefanyaje.
Nimezaa wanne, wa tano nilimzika na kumlilia,
na Mungu wangu namwogopa kwa njia yangu.
Mahali pa mama yule sijui ningefanyaje.
Lakini hapo ndipo hoja yangu ilipo:
hapakuwa mahali pangu.
Nilipewa kiti nyuma kidogo ya bega lake,
na sheria nayo ningeipa kiti hicho hicho:
isikie, isafishe vyombo, ifungue mlango,
isimwekee kinywani neno ambalo hakulisema.
Asiyetaka asishurutishwe kutoa.
Asiyetaka asishurutishwe kuzaa.
Ni kanuni moja, ndugu zangu, si mbili.

Mchana muuguzi Lorna alinipa karatasi nisaini:
dakika arobaini na saba.
Nikaivua ile "mimi" niliyoazima,
nikaiacha mezani pake, karibu na juisi ya tufaha.
Alikunywa yote. Akaomba nyingine.
Kisha akauliza, kabla hajatafuta ufunguo wa gari,
viatu vya shule vya watoto, vya bei nafuu,
vinauzwa wapi hapa.

Hilo nilijibu mwenyewe.