Pengo

Doreen wa ofisi ya wafanyakazi amenisogezea fomu
na kalamu iliyofungwa kwa uzi mezani,
kana kwamba baada ya miaka ishirini na sita kiwandani
ningestaafu nayo mfukoni.
Tarehe thelathini na moja, anasema, saa sita usiku,
bima ya kampuni inakatika.

Nje, Erie iko chini ya theluji ya tatu wiki hii.
Nimeketi garini, injini sijawasha.

Ile bima sikuwahi kuuona uso wake.
Ilikuwa ikinikata mshahara kimya kimya,
iking'ata na kupuliza, kama panya.
Lakini moyo wangu uliposuasua, ililipa.
Mwanaidi alipovunjika kiwiko kwenye barafu
mbele ya duka la mchele, ililipa.
Blanketi la kiwanda, linanuka plastiki,
na lilitufunika wawili.

Sasa ni Medikea: kadi ya karatasi,
nyekundu juu, buluu chini,
na jina langu vile vile walivyoliharibu uwanja wa ndege.
Inalipa themanini katika kila mia.
Ishirini zinabaki sebuleni zikinitazama
kama mgeni wa siku ya tatu aliyekataa jembe.

Kwa hizo ishirini, kuna bima ya kuziba pengo.
Kijana wa simuni ananisomea aina zake,
A, B, C, polepole, hadi N.
Nilifundishwa alifu kwa ujiti
kwa fimbo ya mpera ya Maalimu Shebwana,
na leo, na miaka sitini na saba, nimerudishwa chuoni.
"Chukua G," anasema. "Inabeba karibu yote,
ila kile kidogo cha kufungulia mwaka.
Na uwahi. Una miezi sita.
Ndani ya miezi sita hakuna kampuni
itakayouliza habari za moyo wako.
Baada ya hapo, wataanza kuuliza."

Habari za moyo wako.
Nilikuwa nikidhani kuulizwa ni upendo.

Usipoziba ufa, tulikariri, utajenga ukuta.
Hatukuambiwa kwamba ufa nao una bei,
dola mia na arobaini na moja kwa mwezi,
na kila mwaka unapanda ngazi bila kuhema.
"Na meno?" nikauliza.
Simu ikanyamaza. "Meno hapana, bwana."
Bima ya kuziba pengo,
na pengo haizibi!
Nilicheka hadi kijana akaniuliza kama nimeanguka,
ulimi wangu ukipapasa pale
palipong'oka gego Ramadhani iliyopita.

Mwanaidi hakucheka.
Alikuwa akichagua kokoto kwenye dengu,
moja, akaiweka kando, mbili.
"Na mimi?"

Ana miaka sitini na mbili.
Ile kadi ni mwanandani, hailazi wawili.
Nikaanza kueleza: kuna soko la bima,
kuna ruzuku, kuna siku sitini za kujiandikisha,
nikaisikia sauti yangu imekuwa ya Doreen,
nikanyamaza.

Kokoto ya tatu.
"Jikoni kwa ile shule ya Mtaa wa Kumi na Mbili
wanatafuta mtu. Nilikwenda Jumanne.
Saa thelathini kwa wiki. Bima wanatoa."
Akapepeta. Maganda yakaruka.
"Na meno yamo."

Jumanne. Siku tatu nilizolala ubavuni pake
nikihesabu dola gizani,
naye macho amefumba, ameshaajiriwa.

Usiku tuliketi na fomu mbili, balbu moja.
Yangu niliitia sahihi, nikachagua G.
Yake ilikuwa na mstari mweupe: mtegemezi.
Akaegemea kiwiko kile kilichounganishwa,
akaandika jina langu, lote, mpaka la babu,
hakukosea hata herufi.