A Hazitoshi

Sanduku lilikuja kwa meli, kisha kwa lori,
kisha kwa mabega ya watu,
mpaka Tukuyu, ambako mvua haiulizi ni mwezi gani.
Baba alilifungua kwa tindo.
Kila herufi na chumba chake,
zote zimegeuza nyuso
kama ndugu waliokosana shambani.

Waliozisubu huko Ulaya hawakutujua.
Walitupa q tele, x za kumwaga,
na a kiduchu, chumvi ya jirani mchoyo.
Sasa wewe jaribu kupanga
"Taarifa ya Mapato ya Chama cha Wakulima wa Kahawa"
kwa a za kuhesabu!
Baba alichapa nusu ukurasa,
akazivunja sentensi, akaziosha kwa mafuta ya taa,
akaanza nusu ya pili kwa a zilezile.
Ndiyo maana nilikua nikidhani
kila neno limeazimwa mahali
na lazima lirudishwe kabla ya giza.

Q alinipa mimi.
Nilizitia kwenye dimbwi mbele ya mlango:
viluwiluwi vya risasi
ambavyo havikuwa vyura hata masika yalipopita.

Risasi. Nilimuuliza, ndiyo ileile ya bunduki?
Akacheka kwa pua.
"Ndiyo hiyo. Ila hii yangu ikichakaa naiyeyusha,
inazaliwa tena, inasema jingine.
Ya bunduki husema mara moja tu."

Alipenda kusimulia, mkaa ukiwa mwekundu,
habari za mji kando ya mto Rhine
na sonara mmoja mwenye madeni
aliyetazama mtambo wa kukamulia zabibu
akaona kitabu.
"Angezaliwa Iringa," alisema, "tusingechapa kitu.
Ulanzi haukamuliwi. Unagema, unasubiri, unalewa."
Mama hakucheka. Mama alisema
mbalaga yake yote inanuka taa
kwa sababu ya vidole vile.

Uzeeni alisoma gazeti kwenye kioo cha kunyolea.
Maneno yaliyonyooka, alilalamika,
yanamchosha macho.

Alikufa Mei, ukungu ukiwa bado haujashuka Rungwe.
Ratiba ya mazishi tuliichapisha Mbeya mjini:
karatasi mia mbili, picha ya rangi, dakika kumi,
na kijana wa dukani hakuinua uso.
A zilitosha. Siku hizi a hazina mwisho.
Nyumbani, taa ikiwaka, ndipo dada yangu Tusekile alipoliona:
*Asanglwisye Mwaipaja.*

Asanglwisye.
A moja imedondoka,
katika mashine yenye a zote za dunia.

Shangazi akasema waombolezaji hawasomi, wanalia.
Mimi nikaingia chumba cha nyuma,
nikaondoa magunia ya mbolea, nikafungua sanduku.
Kidole kilijua njia.
A moja, baridi, nyepesi kuliko nilivyoikumbuka,
tumbo lake limelika kwa kazi.

Wino ulikuwa wa mihuri ya shule. Basi.
Nikachapa juu kidogo, kati ya g na l, palipobana,
karatasi ya kwanza, ya pili, ya arobaini.
Nyingine ilikaa upande. Nyingine iliweka doa.
Jogoo aliwika nikiwa kwenye mia na sitini,
na jina lilikuwa linakamilika mtu mmoja mmoja,
kama alivyozoea yeye.

Tulimzika saa nane, mvua ikinyesha.
Kabla ya giza niliiosha ile a kwa mafuta ya taa,
nikaikausha kwa pindo la kanga,
kisha nikasimama mlangoni nayo,
sijui niirudishe kwa nani.